Sahani ya Nkambo Kabeya

Siku ya tatu, magaribi.

Nkambo Kabeya, baba ya mama yangu, alikufa. Alikufa Lubudi, mu kazi ya njia ya treni, mbele mi nizaliwe.

Kalani wa biro ya Leta, ya serikali, njo amesoma mu buku ya zamani ya batu ba njia ya treni. Siku mbili tulitafuta Kabeya, hakuna. Leo asubui nikakumbuka: bazee betu ba Kasai, muzungu wa kazi akiuliza jina, balikuwa banataja shefu yao, mukubwa wa kabila. Balifikiri anauliza ni batu ba nani.

Nikasema, "Tata kalani, tafuta jina ya shefu yetu."

Akacheka. "Shefu yenu alikuja kubeba byuma bya treni?"

Mu buku batu kumi na moja balikuwa na jina ya ule shefu. Mumoja tu balimuandika hana kidole ya mwisho, mukono ya kushoto. Njo yeye: mama anasemaka nkambo alikosa kile kidole. Kalani akaacha kucheka.

Nilirudi polepole. Mavumbi nyekundu ya mugodi ilikuwa juu ya njia, nikaona kama nkambo anatembea mbele yangu, na ule mukono.

Mama anamuwekeaka nkambo sahani ya bukari, ugali yetu, kila magaribi, ni mama yake alimufundisha. Hajamulilia hata siku moja, juu pengine atarudi. Niliogopa kumuambia mama. Nilimuambia.

Mama akasukuma ile sahani kwangu.

"Kula, Kabeya. Itapoa."

Mi niko na jina yake. Tangu bibi yangu, mwenye nilioa, alikufa sijasikia njala vile.

Nilikula yote. Mama njo alianza kulia.

Kesho narudia kazi.