Yaya, Usipakie Pikapu Kwanza

Yaya wangu mupenzi,

Kwanza ujue ni nani anakuandikia. Katika Bruxelles hii yote, kutoka Koekelberg mupaka Porte de Namur, hakuna dereva wa kunishinda. Barafu ikiniona inajikausha yenyewe. Mataa mekundu yakinisikia kwa mbali yanageuka kijani kwa heshima. Wiki iliyopita polisi alinisimamisha Chaussée d'Ixelles, nikafikiri anataka papiers za gari, kumbe alitaka nimufundishe kurudi nyuma. Unaweza kuuliza.

Bon, usiulize. Na usicheke kwanza, weye dada yangu mukubwa, kwa sababu leo sina muda wa kuchekwa.

Pikapu yako iko ndani ya bateau, mu meli. Ilitoka Anvers siku kumi na moja zimepita. Itashuka Dar es Salaam, itapanda treni mupaka Kigoma, itavuka lac, ziwa letu, na weye utaingoja pale port ya Uvira na ile kofia yako ya kutisha watoto. Papa Muchungaji anayekuletea barua hii anapanda ndege siku ya jeudi, anashuka Bujumbura, anavuka mupaka kwa taxi. Tumehesabu naye mara mbili. Ndege inaishinda bateau. Barua inapaswa kufika mbele ya gari. Ikifika nyuma, sijui. Sitaki kuandika hiyo.

Donc ninasema sasa, halafu nitakutania baadaye: muntu asipande juu ya pikapu ile. Hata mufuko mumoja wa muhogo usiweke. Châssis yake, ile mifupa miwili mirefu ya chuma inayobeba gari yote, imeliwa na kutu kule nyuma. Nimeandika herufi kubwa na barua si siri. Kama hauko nyumbani, yeyote aifungue asome, hata wale mamans wa chorale ya kanisa. Wao zaidi.

Najua umesema nini sasa hivi. Umesema: "Anatania, huyu." Ndiyo maana barua itakuwa ndefu.

Unakumbuka siku tuliyoinunua? Berchem-Sainte-Agathe, kwenye uwanja wa yule muzee Muflama, Mubelgiji fundi wa kuezeka nyumba. Ulikuwa umevaa tricots tatu za baridi na kitenge cha kijani juu yake, kile chenye ndege, umekuwa munene kama furushi la nguo za mitumba. Muzee akafungua mulango akuonyeshe viti. Hukuangalia viti. Uliomba nyundo. Halafu ukalala chini, mugongo kwenye majani yenye maji, ukaingia chini ya gari miguu tu ikabaki inje, na mimi nikasimama pale nikijifanya sikujui. Nilimwambia yule muzee: "Monsieur, huyu ni jirani yetu tu." Ulisikia. Ulinipiga teke la kisigino bila kutoka kule chini.

Ngii. Ngii. Ngii. Ulipiga kutoka mbele mupaka nyuma, polepole, kama docteur anayesikiliza tumbo, kama yule muzee alivyokuonyesha alipokupa nyundo. Alisema chuma kizima kinaimba, na chuma kilichooza kinakohoa. Ulipotoka nywele zilijaa majani. Ulisema: "Chuma haijue kudanganya. Tunachukua."

Ndipo akatuambia habari ya chumvi. Kwamba wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na ile chumvi inaruka, inashika chini ya gari, inakula chuma. "Oshea chini, madame. Kila wiki, maji mengi. Juu ni ya kuonyesha watu." Njiani kurudi tulicheka mupaka ukazimisha moteur mara ine mbele ya Basilique, lile kanisa kubwa, watu wakitupigia honi. Mimi nilisema: "Samaki ya makayabo inakaa mu chumvi mwaka muzima na haiozi, sasa chuma ndiyo itaoza?" Ulilala juu ya usukani kwa kicheko. Lakini ulipofuta machozi ulinigeukia na sauti ile ya Mama: "Utaosha chini. Umesikia?"

Nilisikia. Masikio yangu ni mazuri, yaya. Hilo si majivuno.

Mwezi wa kumi na moja weye ukarudi kwetu Uvira. Miaka sita umesukuma wazee wa watu kwa viti vya magurudumu mu maison de repos, ukasema inatosha, sasa utasukuma biashara yako mwenyewe: Uvira, Bukavu, muhogo, samaki, abiria. Pale aéroport ulinipa clé ya gari, ukaniambia kitenge cha kijani umekitandika kwenye kiti cha dereva, kiti kisipate doa. Halafu ukanishika sikio, mbele ya watu, mimi mwanaume wa miaka kumi na tisa.

"Gari inalala mupaka mwezi wa tatu. Haitembei mu chumvi."

"Yaya, una mashaka na mimi?"

"Sina mashaka. Nakujua."

Haikulala. Haikulala hata siku moja. Ile camion ya commune, lori la mji, ilikuwa inapita asubuhi ikimwaga chumvi kama Mama anavyotia mu mboga ya sombe, bila kupima, na mimi nilikuwa nyuma yake, dirisha limefunguliwa, mukono inje, musiki juu. Nilihamisha nyumba za watu. Nilibeba viti vya mariage tatu. Siku ya samedi nilipita Chaussée d'Ixelles mara sita, kupanda na kushuka, na wasichana wa Matonge, ule mutaa wetu, walikuwa wananiita "patron". Musichana mumoja aliuliza gari ni ya nani. Nilisema ni yangu, dada yangu ananisaidia tu kuilinda. Nisamehe hiyo pia, lakini hiyo ni ndogo.

Na niliipenda, yaya. Hilo ndilo linaniuma. Asubuhi moja niliiona imefunikwa theluji, vioo vyeupe, nikaihurumia. Gari ya kwenda Uvira, inateseka na baridi hivi? Nikaongea na Madame wa pale ninapofanya kazi Koekelberg, pale tunapofua mashuka ya hôtel, nikapata ruhusa ya kuiingiza ndani, kando ya mapipa ya maji ya moto. Pale ni joto kama mwezi wa tisa kwetu. Kila nikitoka barabarani ninaiingiza. Juu niliiosha na sabuni mupaka unajiona meno. Chini, ile theluji chafu yenye chumvi ilikuwa inayeyuka polepole, to, to, to, kwenye ciment. Asubuhi ninakuta maji yamekauka yameacha alama nyeupe. Baadaye alama ikawa ya rangi ya chai.

Nilifikiri inatoka jasho. Kama muntu ambaye homa inamuacha. Nilifurahi.

Mwezi wa tatu niliipeleka kwa Tonton Célestin, yule mécanicien wa Bukavu anayetuita watoto wake hata kama si damu yetu. Nilimwambia: "Angalia haraka tu, Tonton, iko nguvu kunishinda mimi." Akasema: "Hiyo si sifa." Akaingia chini na taa na nyundo. Ngii. Ngii. Nikaanza kupiga miluzi. Ngii. Halafu nyuma, upande wa kushoto, pale ressorts, zile springi za nyuma, zinaposhikia: pu.

Nyundo haikurudi. Ilibaki mule ndani. Alipoivuta, maganda ya kahawia yalimwagika kifuani pake, kama maganda ya karanga.

"Mutoto, kuja uweke kidole."

Vidole vitatu viliingia.

"Ni nani alilalisha gari hii mu joto?"

"Mimi, Tonton. Ilikuwa inasikia baridi."

Nilingoja acheke. Alikaa pale chini, akiniangalia kati ya magurudumu. "Baridi ndiyo ilikuwa inailinda. Chumvi mu baridi inasinzia. Weye umeiamsha, ukaipa maji, ukaipa moto, ukaiambia kula."

"Bon. Tunafanya nini?"

"Unamwambia yaya yako. Halafu tunakata hapa, tunachomelea chuma mupya. Wiki tatu."

"Bateau inaenda samedi."

"Basi bateau iende."

Ungesema nini, yaya, kama ningekuambia? Najua. Ungesema: "Nilijua." Neno moja la mwaka muzima, hilo. Tangu utoto unalisema. Nilipovunja redio ya Papa, nilijua. Nilipofukuzwa shule mwaka wa tatu, nilijua. Mara moja tu nilitaka usijue.

Tonton alienda kula. Mimi nilichukua kitenge chako cha kijani, nikakipasua, nikakichovya mu mastic, ile gundi ya kuziba, nikakishindilia mule mwenye tundu mupaka pakajaa. Juu nikapaka ile rangi nzito nyeusi ya lami, mara mbili. Ilipendeza. Nyeusi kama kiatu cha muchungaji. Tonton aliporudi aliangalia ule weusi, akaangalia mikono yangu, akasema: "Umemwambia?" Nikasema ndiyo.

Sasa tufike kwenye kaseti. Nimezunguka sana, najua.

Ulikuwa umeniomba mu kaseti ya sauti uliyonitumia mwezi wa pili: "Chukua radio yako ya kaseti ingia nayo chini, piga nyundo mbele mupaka nyuma, nisikie kwa masikio yangu. Weye unaweza kunidanganya, chuma haiwezi." Nilikutumia siku ile ile na muntu wa ndege. Ulipata. Na siku ya dimanche hii jibu lako lilifika kwa ndege vilevile, nikalisikiliza kwa Tonton tukinywa chai. Ulicheka vizuri. Ulisema umepiga kaseti yangu mara tatu mu parcelle, pale uani kwetu, mamans wote wa chorale wamenyamaza, ngii, ngii, ngii, na Mama akasema: "Hiyo ni chuma ya kweli." Halafu ukasema safari ya kwanza haitakuwa ya muhogo. Itakuwa ya chorale, kuimba mu mariage Bukavu, mamans ishirini na wawili nyuma na ngoma zao, na Mama mbele kando yako. Kwa njia ya Ngomo. Ile njia, yaya. Mulima upande huu, shimo upande ule. Nyuma ya sauti yako nikasikia mumoja wao anasema, "Tutaimba mupaka juu," na wengine wakacheka.

Tonton aliweka kikombe chini. Hakupandisha sauti. "Ile ngii ulipiga wapi?"

Nilizima radio, nikaanza kuosha vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.  

Tangu siku ile sijalala sawasawa. Nimejaribu simu ya poste ya Uvira, inalia bila muntu. Nikifumba macho ninawahesabu wale mamans. Ninafika kumi na tano, kumi na sita, halafu ninasikia pu.

Kama bado unafikiri ninatania ili pikapu irudi kwangu, usiniamini. Fanya hivi. Ikishuka, isukumwe mupaka kwenye parcelle, tupu, bila muntu ndani. Lala chini kama ulivyolala kwa Muflama. Gurudumu la nyuma, kushoto, sogea kidogo mbele yake. Chukua musumari, kwangua ule weusi. Utaona kijani. Ukiona kijani, ni kitenge chako, na pengine ndege mumoja. Vuta. Usiweke mukono karibu sana, pana makali. Nyuma ya karatasi hii Tonton ameandika vipimo vya chuma cha kuchomelea na jina la fundi anayemuamini kule kwenu. Kata pote panapokohoa, hata kama ni pakubwa. Halafu mamans wapande, waimbe mupaka juu kama walivyosema.

Nikumbuke, lakini usinitetee mbele ya Mama. Umwambie yote. Mushike muguu wake mubaya pale unapouma, kwa niaba yangu, na mukono ule mwingine unaweza kuuweka kwa sikio langu siku tutakapoonana. Nitainama mwenyewe.

Unanidai kitenge na neno moja. Kitenge nitatafuta kwenye galerie, mu maduka ya Matonge. Neno ni hili, na limekuwa gumu kushinda barua yote.

Ile ngii uliyoisikia mara tatu si ya pikapu yako. Nilipiga camion ya Tonton iliyokuwa kando. Lakini rudisha kaseti yangu mupaka mwanzo, mbele ya sauti yangu, kabla sijasema "allô yaya". Utasikia kitu kimoja kidogo, kama muntu amekohoa, halafu radio inazimwa. Nilisahau kukifuta. Hiyo ndiyo pikapu yako.

Mudogo wako