Kisahani Kilichozoea Mkono

4 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumai mgongo umepata nafuu na cherehani haikusumbui kama mwaka jana. Mama je, anakula? Bado anafika uani mwenyewe? Mimi ni mzima, ila vidole vimeungua na pasi za hoteli, shuka zenyewe haziishi. Simu zangu hupokei, basi nimeshika kalamu.

Dada, kuna neema imebisha hodi. Pale uwanjani ninapochezea gofu ya visahani, ule mchezo wetu wa kurusha visahani vya plastiki mpaka vikapuni, wanataka mwalimu wa kike wa kudumu. Kazi inakuja na nyumba humohumo uwanjani, vyumba viwili, haina ngazi hata moja. Tumebaki wawili: mimi na mwanamke mmoja anaitwa Bingwa, jina kajipa mwenyewe. Tarehe 29 tunacheza, atakayeshinda ndiye mwalimu. Nikishinda, Mama anakuja kukaa nami. Nimeshapima mlango, kitanda chake kinapita. Na wewe ulale sasa, uolewe ukitaka, ufanye la moyo wako.

Ila nakihitaji kile kisahani changu chekundu nilichokiacha juu ya kabati, kile cha masafa ya katikati. Kikapu cha mwisho cha hapa kimewekwa na mtu mwenye roho mbaya: njia inaingia kwenye miti, inakata kulia, halafu inanyooka, na kushoto kote ni bwawa. Kipya hakiwezi njia hiyo. Unajua kilivyo kwetu tunaorusha kwa mkono wa kulia: kinaondoka vizuri, kikiishiwa nguvu kinajitupa kushoto kwa hasira. Changu kimegonga miti miaka, kimelainika. Kinaanza kwa kuinamia kulia, kinajirekebisha, kinakwenda kutua taratibu. Dukani vya aina ile vimejaa, lakini uzoefu hawauzi.

Msomee Mama hapa: Mama, ni mimi Kitinda wako. Funga nguo zako, mwisho wa mwezi nakuja kukuchukua.

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo uko palepale, cherehani iko palepale, na mimi niko palepale. Anayehamahama ni wewe.

Kisahani chako nimekiona. Hakiko juu ya kabati. Kinafunika kindoo cha Mama cha haja, na wallahi kinaenea utadhani kiliumbwa kwa kazi hiyo. Nikikutumia, nifunike na nini? Kiganja changu?

Halafu usiniandikie hicho "changu". Kule nyuma ya kiwanda cha rangi nani aliyekuwa anaingia vichakani kukiokota? Nani aliyekushika kiwiko akakwambia acha kupiga kama unafukuza mbu? Mimi ndiye niliyeanza kukigongesha miti, wewe ukaja kukikuta kimeshashika adabu. Lakini ndivyo ulivyo tangu utotoni, chungu kikiiva ndipo unapoona njaa.

Kuhusu Mama, nilimsomea barua yote, hadi nyumba isiyo na ngazi. Mjinga ni mimi. Tangu siku hiyo amefunga nguo zake kwenye shuka, amekaa nazo mlangoni. Jioni nafungua, asubuhi anafunga. Na unajua ananiitaje siku hizi? Kitinda! Namwosha, namvika, namlisha, kisha ananishika shavu: "Asante Kitinda wangu. Yule dada yako angejifunza kwako." Nasema abee Mama, naenda kumwaga kindoo.

Ulisema utakuja ukipata likizo. Ukasema utakuja mvua zikikatika. Mvua zimekatika, zimerudi, zimekatika tena. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, lakini mimi si nyoka, mwanangu. Kisahani sikitoi.

Dada yako


14 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, kukaa kulinishinda. Mama hajambo? Mgongo?

Nimenunua kipya, chekundu, aina ileile. Kila asubuhi kabla ya zamu nakirusha kwenye ukuta wa nyuma wa hoteli mpaka mpishi amenitukania mama yetu. Wapi! Bado kinakwenda kushoto. Mwenye duka amenicheka. Anasema wako watu wanavikwaruza uso vionekane vikongwe, na ni kazi bure, kisahani hakitumii uso kuruka. Kinachozoea ni ukingo, na ukingo unataka miaka na miti.

Dada, safari hii si maneno. Kazi ya hoteli nimeshaaga, siwezi kushika huku na huku. Godoro la Mama nimeshanunua. Nifanye nini ndipo uniamini?

Na ngoja nikwambie jambo ambalo nyumba nzima ililijua na hakuna aliyethubutu kulisema. Hakuna mtu aliyekulazimisha kubaki. Ulikuwa unarusha kuliko mimi, kuliko wote, ila watu wakijaa pembeni mkono wako unatetemeka. Ulibaki kwa sababu uliogopa, halafu ukamfanya Mama kisingizio. Nisamehe, ila ndiyo kweli yenyewe. Sasa usinifungie mlango ambao wewe mwenyewe hukuthubutu kupita.

Mdogo wako


22 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, marahaba tena. Vidole vimepona? Paka mafuta kabla ya kulala. Sisi huku hatujambo, Mama amekaa na shuka lake, anakusalimu sana.

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Iliniuma, sitaki kukudanganya, lakini damu ni nzito kuliko maji, na mimi nimekubali. Kisahani kinakuja. Nimekisugua kwa sabuni kipande kizima mpaka kimenukia kama bibi harusi, hutajua kilikotoka. Nitampa dereva wa basi mkononi tarehe 28, asubuhi ya mchezo ukichukue stendi. Ofisi ya vifurushi siiamini, wale hata mzigo wa misumari wangeupoteza.

Jambo moja tu, na unisikie kama ulivyokuwa unanisikia zamani: usikirushe kwa majaribio. Plastiki imezeeka, inaweza kupasuka. Kiweke kwa ajili ya kikapu cha mwisho, ukirushe mara moja, ukiamini. Kinakujua.

Nakuombea mkono mwepesi.

Dada yako akupendaye


2 Aprili

Dada,

Leo sikuamkii.

Nilikichukua stendi nikakibusu mbele za watu. Kimekwaruzika, kimechakaa, chekundu kilichopauka, nikalia kama mtoto. Nikakiweka ndani ya begi, sikukigusa, maana dada yangu kasema.

Mpaka kikapu cha mwisho mimi na Bingwa tulikuwa sawa. Yeye akarusha kwanza, akagonga mti, kikaanguka katikati ya njia. Nikasema leo Mama analala kwangu. Nikakitoa begini. Nikakipeleka kulia kama tulivyozoea, kiinamie upande wa njia. Hakikuinama. Kilikwenda moja kwa moja kama mlevi anayejifanya mzima, kisha kikajitupa kushoto. Bwawa lenyewe halikutoa hata sauti. Bingwa alicheka hadi akashika magoti.

Niliingia majini na viatu kukitafuta. Nikakipata, nikakigeuza. Ukingo mkali, mpya kabisa, haujawahi kugusa hata jani. Na kwenye mikwaruzo ya usoni kuna chokaa ya kijani. Chokaa ile naijua, dada, nimeegemea ukuta wa bafu letu miaka yote ya utoto wangu.

Nyumba kapewa Bingwa. Hotelini wameshaweka mtu mwingine. Godoro la Mama nalilalia mimi, kwenye sakafu ya rafiki. Ulikaa ukanunua, ukakwaruza, ukafunga, ukaniandikia "mpenzi". Hata adui ningempa pole kwa dada kama wewe.

Mdogo wako, kwa bahati mbaya


7 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu huzitaki, basi. Ndiyo, ni mimi. Nilinunua kipya, nikakisugua kwenye ukuta wa bafu, na mkono haukutetemeka hata kidogo. Elimu ya uso na ukingo ulinipa mwenyewe kwa kalamu yako, sikuhitaji mwalimu mwingine.

Unataka kujua kwa nini? Ungekuja hapa umevaa vizuri, ungemtoa Mama mlangoni, mtaa mzima ungesema Kitinda kamwokoa mama yake. Na mimi ningebaki na kindoo. Miaka yote nimeinama, halafu shukrani zote zinakwenda kwako, hata zile ninazopewa usoni mwangu zina jina lako! Nilifurahi uliposhindwa. Nililala fofofo siku hiyo.

Lakini sasa nimejichimbia shimo. Mama haelewi kwamba umeshindwa. Nimemwambia polepole, nimemwambia kwa ukali. Ananisikiliza, anatikisa kichwa, anafunga shuka lake. Hata akiniita Kitinda, bado anamsubiri Kitinda mwingine wa mlangoni. Tangu wiki iliyopita hali chakula, ni vijiko viwili vya uji tu kwa siku. Anasema ataharibu tumbo bure, atakula kwako. Nikimlazimisha anafumba mdomo kama mtoto. Amebaki mifupa, mdogo wangu. Naogopa.

Njoo siku moja tu. Umtoe pale mlangoni, umwambie kwa mdomo wako, kisha urudi, sitakutazama hata usoni. Na kile kisahani chenyewe, cha kweli, kimo humu ndani ya kifurushi. Nimekichemsha kwenye sufuria kitoe harufu. Jipigie magoti kwa niaba yangu, maana mimi siwezi, mgongo.

Dada yako


15 Aprili

Dada,

Kifurushi nimepata. Umekichemsha! Wewe uliyeanza kukizoesha, wewe uliyejua hata sauti yake kikigonga mti, umekitia kwenye maji ya moto kama soksi. Kimelegea, kimekunjika katikati. Nimekirusha mara moja kwenye uwanja wa shule: kikainamia kulia, kikazidi kulia, hakikunyooka tena. Kimeangukia barabarani, lori likapita juu yake. Sikwenda kukiokota.

Siji. Nauli ninayo na nafasi ninayo, usije ukajidanganya kwamba nimekosa. Siji kwa sababu sitaki.

Lakini Mama lazima ale, kwa hiyo sikiliza. Jina langu unalo tayari, umelilalamikia vya kutosha, sasa lifanyie kazi. Vaa kanga ambayo hajaizoea. Toka mlango wa uani, zunguka nyumba, bisha hodi mlango wa mbele, useme ni Kitinda, umekuja. Mbebee shuka lake la nguo. Mzungushe nyumba mara moja, uingie naye kwa uani, umwambie mmefika kwangu. Macho yake unayajua, hataona tofauti.

Huko kutetemeka mkono hakutakusumbua. Watu hawapo.

Mtoto wa mama yako


19 Aprili

Mdogo wangu,

Umeamkaje? Vidole vimepona? Nauliza tu, si lazima unijibu hilo.

Nimefanya. Nilibisha hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe, na miguu ilikuwa inagongana, kwa taarifa yako. Mama akainuka peke yake, yeye ambaye namwinua kwa mikono miwili. Akanikumbatia shingoni. Akasema, "Nilijua tu. Walikuwa wananiambia huji." Nikabeba shuka. Tukazunguka taratibu, kwenye kamba ya nguo akaomba kupumzika, akasema safari ndefu. Nikamwingiza kwa uani. Akashikashika ukuta, akakaa kwenye kitanda chakechake, akaangalia huku na huku. "Nyumba nzuri, Kitinda. Na kweli haina ngazi." Akala sahani nzima, akaongeza. Nilikaa pembeni namtazama anatafuna, nikakulaani na kukushukuru kwa pumzi moja.

Halafu akaacha kijiko. Akanishika mkono, akaniuliza, "Na dada yako?" Nikasema dada yupo, Mama, kabaki nyumbani. Akakunja uso. "Peke yake? Yule mgongo unamuuma, hasemi tu. Kanihangaikia sana yule mtoto, na mimi sijawahi kumwambia neno. Tulale, kesho turudi tukamchukue."

Miaka yote, mdogo wangu. Miaka yote nimeingoja kauli hiyo, na nimeisikia nikiwa wewe. Nikamwambia Mama, dada ni mimi, niko hapa, nitazame. Akacheka, akanipiga kofi dogo begani: "Acha utani, Kitinda."

Leo asubuhi amefunga nguo tena na amekaa mlangoni. Chakula amekataa. Anasema hali mpaka mimi nije.

Niandikie nimwambie nini.

Dada yako