Nilikudanganya Kuhusu Ile Seva ya Malaba

Kaka Wandera,

Nimekaa kwenye kiti chako. Walinipa nafasi yako wiki moja baada ya kukuzika, wakasema ni kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kazi. Sikukataa. Hilo ulijue kwanza.

Unakumbuka siku uliyonituma Malaba kufunga seva mpya kwenye ofisi yetu ya mizigo? Uliniandikia kila hatua kwa mkono wako: chomeka waya wa USB kwenye tundu la mbele lenye alama ya spana, fungua kwenye laptopu ukurasa wa kuiongoza seva kutoka mbali, weka anwani, badilisha nywila. Ukasema, "Njia hii ndiyo itakayotuokoa na barabara. Mashine ikiganda, tunaizima na kuiwasha tukiwa hapa hapa Busia. Usitoke huko kabla hujajaribu."

Mimi nilibeba waya wa simu yangu. Ulikuwa wa kuchaji tu, kaka, haupitishi kitu kingine. Nilichomeka, nikachomoa, nikachomeka tena; laptopu haikuona chochote. Duka la ng'ambo ya barabara lilikuwa na waya mzuri. Lakini rafiki yangu alikuwa na sherehe ya posa Tororo siku hiyo, gauni langu lilikuwa kwenye mfuko, na gari lilikuwa linapiga honi. Ulipopiga simu nikakwambia, "Imekubali, kaka."

Ukacheka. "Sasa wewe ni fundi. Sina haja ya kukukagua."

Siku zikapita, nami nikawa najiambia nitarudi. Halafu asubuhi ile seva ikaganda, malori yamepanga foleni, mawakala wanafoka kwenye simu. Ulijaribu kuingia ukiwa mezani kwako. Ukajaribu tena. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwako, Wandera. Ukanigeukia, na wewe ndiye uliyeomba radhi: "Labda mimi ndiye niliyekuandikia anwani vibaya."

Nikasema, "Labda."

Ukachukua helmeti na ufunguo wa pikipiki. "Nakwenda mara moja, narudi."

Trela lilichomoka kwenye foleni bila kuangalia, likakugonga. Bosi alituambia hukuteseka. Mama anayeuza ndizi pale aliniambia uliomba maji kwa muda mrefu.

Kwenye maziko kule Lunyo, bosi alishika kipaza sauti. "Marehemu alikuwa mtu muzuri, lakini kazi ya Malaba hakumaliza. Angemaliza, hangekimbia kwa barabara." Watu wakaguna. Wifi Nafula, mkeo, akainamisha kichwa kwa aibu isiyo yake. Nilikuwa nimemshika mkono. Nikaubana zaidi.

Baadaye nilitumwa Malaba, safari hii na waya wa kweli. Chai waliyonikaribisha ilikuwa bado ya moto nilipomaliza. Niliporudi Busia nikaizima ile mashine nikiwa mezani kwako, nikaiwasha, na ofisi nzima ikapiga makofi. Bosi akasema, "Ona! Kitu kidogo hivi kilimshinda Wandera." Nilikwenda chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Jana nilikwenda kumwambia wifi. Alikuwa anachambua maharage. Hakulia, hakunitukana. Aliniuliza tu kama watu wa ofisini wanajua. Nikasema hapana.

"Basi hujakiri kitu," akasema. "Umekuja kunitwika mimi mzigo wako, ili wewe upate usingizi." Akaingia ndani na sinia lake, akafunga mlango.

Ana haki. Jumatatu, wote wakiwa wamekusanyika, nitasimama na kusema ni mimi. Nitautaja ule waya, nitaitaja na ile "labda". Bosi asipokwenda Lunyo kuyafuta maneno yake, nitakwenda mimi kanisani, nikusafishe jina mbele ya wale wale walioguna. Wanifukuze, wanizomee, nitasema mpaka mwisho. Hiyo ni ahadi.

Msamaha sikuombi, kaka. Ningekuomba nini, na wewe huwezi tena kuninyima?

Lala salama.

Nekesa