Bibi, Nimeingia Maktaba

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo huko uliko. Ni mimi, yule uliyemwita mume wako kila nilipofika Kibaoni, ukanikagua kama nimekonda. Leo nakiri: mumeo ni mwoga. Nasoma shahada ya uzamili, na muhula mzima nimeogopa kuingia maktaba ya chuo.

Usicheke kwanza. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba nyumba ya watu haiingiwi bila hodi, na kitu cha watu hurudishwa kilipotoka. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni nikingoja karibu ambayo haikuja. Nikajikaza, nikaingia, nikasoma, kisha nikavirudisha vitabu rafuni kwa adabu zangu zote. Mkutubi akanijia juu mbele ya watu: "Vitabu vinaachwa mezani, wewe kijana! Sasa umevichanganya, nani atavipata?" Nilitoka, na sikurudi tena.

Lakini naandika tasnifu kuhusu Maji Maji, Bibi. Nakumbuka ukipepeta mchele huku ukinisimulia jinsi mama yako, angali mtoto wa mgongoni, alivyofichwa kwenye matete ya mto Kilombero Wajerumani walipochoma maghala ya mpunga. "Vita iliisha," ulisema, "njaa ndiyo ikabaki kutumaliza." Msimamizi wangu aliipenda habari hiyo, ila akasema bila maandishi ya kuiunga mkono, sura yenye simulizi yako itaondolewa. Iliniuma sana. Nikutoe wewe kwa sababu ya woga wangu!

Juzi nikarudi. Mkutubi alikuwa yule yule. Nikamsogelea, nikasema, "Shikamoo mama. Natafuta habari za njaa ya Maji Maji kule bondeni kwetu, na sijui pa kuanzia."

Akavua miwani. "Marahaba, mwanangu. Mbona siku ile hukuuliza? Twende."

Tulipita rafu kwa rafu mpaka tukapata kitabu kinachotaja maghala yaliyochomwa na watu waliokimbilia matete. Mama yako hatajwi kwa jina, lakini nilimwona humo. Nililia, Bibi. Kitabu nikakiacha mezani.

Sura yako imebaki. Nikimaliza, nakala moja itawekwa mle ndani, na wewe ambaye hukuwahi kushika kalamu utakaa rafuni pamoja na wasomi. Nimekukumbuka mno tangu ulipotutoka. Ukiwa humo rafuni, ukimwona mtu amesimama mlangoni anatetemeka, mwambie karibu.

Mumeo mwoga,
Mjukuu wako