Watoto wa Mwalimu Duncan

Jumatatu, 9 Machi

Ukurasa uko salama. Nimeupitia kabla ya kwenda kazini kama kawaida, daku bado tumboni. Nimeongeza jambo moja: Mwalimu Duncan hatagombea tena ubunge. Chanzo: gazeti la kwao Uskoti. Picha ni ile ile ya zamani, yenye nywele. Kimaro, aliyeko Columbus, anataka tuweke ya sasa. Nimekataa. Mzee astahiwe.

Alitufundisha hesabu Korogwe sote watatu, mimi wa Buffalo, Kimaro na Sefu wa Louisville, kabla hajarudi kwao na kuingia bungeni. Wengine wakiacha ualimu hufuga kuku. Ukurasa wake wa Kiswahili kwenye kamusi elezo ya mtandaoni tumeujenga sisi. Sheria niliweka mimi: bila chanzo, hakuna sentensi. Wananiita Hakimu. Naona raha, nisijidanganye.

Jumatano, 11 Machi

Sefu kaharibu. Ameandika Mwalimu "ana watoto watatu". Ana wawili, mapacha, wako Glasgow. Nikampigia nikiwa na hasira zangu zote za saumu. Akacheka. "Na wewe je, Zaina? Ulilelewa na paka?"

Nikakata simu.

Mama alikuwa mpishi wa shule. Alipofariki nilikuwa mdogo, na mapacha bado hawajazaliwa. Mwalimu na mkewe wakanichukua, nikakaa kwao mpaka nikamaliza shule. Yeye si Mwislamu, lakini kila Ramadhani aliamka kunipikia uji wa daku. Aliuunguza kila siku. Niliumaliza kila siku.

Kwetu nani angehesabu wawili? Mtoto wa kulea ni mtoto, basi. Sefu hakufikiria hata kidogo kwamba hilo linahitaji chanzo.

Sikufuta. Hakimu mzima!

Alhamisi, 12 Machi

Imefutwa. Mhariri mmoja, simjui, jina lake ni tarakimu tupu. Kaandika: "Ni wawili. Huyo wa tatu hana chanzo." Neno kwa neno ningeandika hivyo mimi.

Nimeumia. Nimevunja na kikombe, ingawa hicho kilikuwa na ufa tangu zamani.

Sefu karudisha. Tarakimu kafuta. Sefu karudisha tena. Sasa ukurasa umefungwa, hakuna wa kugusa mpaka tuelewane. Kimaro ananiuliza kama nina ushahidi. Picha ninazo. Hati sina, hakuna aliyeandikisha chochote, nilihamia tu na kibegi changu. Na hata ningekuwa nayo, mtu haruhusiwi kujiandika mwenyewe. Sheria hiyo pia naisimamia mimi. Mkuki kwa nguruwe.

Jumamosi, 14 Machi

Zamu Amherst, kwenye nyumba ya wazee. Theluji tena, eti machipuko. Mama Neema, Mkongo ninayetandika naye vitanda, akaona nimenuna. Nikamweleza yote. Akaniangalia kama mgonjwa.

"Bon, dada, mutoto alikulaka kwake, alilalaka kwake. Donc ni wake. Unalilia nini?"

Nikamwambia mtandao hautaki hivyo.

"Basi ile mutandao haina mama."

Nimecheka mpaka nikaangusha mito. Nikafika nyumbani kicheko kimeisha.

Jumapili, 15 Machi

Kimaro anataka kumwandikia Mwalimu, amuulize moja kwa moja. Nimemkataza, tena kwa ukali. Kasema sheria zimenipanda kichwani.

Si sheria. Naogopa. Itakuwaje akiulizwa, naye akajibu wawili? Sijawahi kumuuliza. Maisha yangu yote namwita Mwalimu. Bora nisijue.

Jumatano, 18 Machi

Hotuba yake ya kuaga bunge. Imeonyeshwa moja kwa moja. Kwao mchana, kwetu asubuhi. Mimi ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini, Sefu kapaki lori lake kando ya barabara huko Kentucky, Kimaro kajificha stoo ya ofisini. Sote tumeunganishwa kwenye simu moja.

Amezeeka. Nywele kwaheri.

Akashukuru wapiga kura. Akamshukuru mkewe. Kisha akasema, "Na watoto wangu watatu. Mkubwa, Zaina, yuko Buffalo, Kanada. Ndiye binadamu pekee aliyewahi kumaliza uji wangu."

Bunge zima likacheka. Sefu akapiga honi ya lori mpaka nikapunguza sauti ya simu. Kimaro nilimsikia akipenga kamasi. Mimi nililia kama mtoto, nikachelewa zamu. Msimamizi akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, kuna aliyezaliwa. Hakuelewa, akanipa karatasi za kufutia machozi.

Ijumaa, 20 Machi. Idi

Nimeswali msikitini Lackawanna. Baridi, jua zuri. Pilau iko jikoni, Mama Neema anakuja na wanawe.

Ukurasa umefunguliwa. Kimaro ndiye aliyeandika, mimi sikugusa: "Ana watoto watatu." Tanbihi inaelekeza kwenye kumbukumbu rasmi za bunge. Tarakimu amepita, ameweka nukta tuliyoisahau, amekwenda zake. Kumbe mtu mwema.

Kimaro akauliza aandike mkubwa anaishi wapi, maana chanzo kinasema Kanada, na Buffalo haiko Kanada. Nikamwambia chanzo ni chanzo, aandike hivyo hivyo. Kanada yenyewe ni hapo ng'ambo ya mto.

Mchana nimempigia Mwalimu kumpa mkono wa Idi. Nimemwita Baba. Hakunisahihisha.