Neno Nililoliacha Mkekani

Garissa, 3 Februari 2025

Fosia mwanangu,

Assalaam aleikum. Mgongo wako unaendeleaje huko Nairobi na kazi ya dukani? Sisi tunamshukuru Mungu. Mbuzi wamezaa, tumbo langu ni lile lile.

Wauguzi wanakuja shuleni kuwachanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Leyla ametimiza miaka kumi. Mimi bibi yake ningekubali, lakini mtoto ni wako. Unasemaje?

Hooyo, mama yako

Nairobi, 9 Februari 2025

Hooyo mpenzi,

Waaleikum salaam. Mgongo umepoa. Lakini chanjo, hapana. Ramlo wa duka la pili anasema inafunga uzazi, tena ni ya wasichana wanaozurura na wanaume. Leyla wetu ana nini? Wewe ulizaa saba bila sindano, na nguvu za kutuchapa zikabaki.

Daktari amesemaje kuhusu tumbo? Kila nikipiga simu unanipa habari za mbuzi.

Binti yako, Fosia

Garissa, 2 Machi 2025

Fosia mwanangu,

Salamu na dua. Ramadhani imeingia, na mwaka huu sifungi. Kwenye simu siwezi kusema. Chumba hakikosi wageni, na hili si la masikio yao.

Si tumbo. Ni saratani ya mlango wa kizazi, na imefika mbali. Sasa napewa dawa za maumivu tu.

Mwaka juzi damu ilinirudia, miaka mingi baada ya hedhi kukoma. Unajua nilichofanya, mimi mwalimu mkuu? Nilimwendea Ustadha Maryan kumwuliza kama naruhusiwa kusali. Akafungua kitabu chake: "Mwalimu, hii si hedhi. Ni damu ya ugonjwa. Tawadha, usali." Nikatoka kwake nina furaha. Nikasali, nikafunga Ramadhani mbili. Neno "usali" nilikwenda nalo nyumbani. Neno "ugonjwa" nililiacha mkekani kwake.

Kliniki waliwahi kutuita tupimwe. Nikasema mimi mjane, wanitafute nini? Kumbe virusi vinavyoleta saratani hii hupitia kitandani, kisha hukaa mwilini miaka mingi kimya. Na mwambie Ramlo mimi nilijua mume mmoja tu, baba yako, Mungu amrehemu.

Ikigunduliwa mapema, mtu hutibiwa akarudi kupika chakula chake. Nenda ukapimwe. Wauguzi watarudi shuleni muhula ujao.

Sikukuficha kwa huruma. Niliona haya. Nisamehe.

Hooyo

Garissa, 9 Mei 2025

Hooyo,

Amani iwe juu yako huko uliko. Barua yangu nimeikuta chini ya mto wako, haijafunguliwa. Leyla anasema ilifika asubuhi ile ile uliyotutoka.

Nilikaa na maneno yako mwezi mzima, naogopa. Kisha nikaenda. Waliona mabadiliko ambayo bado si saratani, wakayachoma siku hiyo hiyo. Nikarudi nikapika. Ramlo naye alipimwa, analalamika tangu mlangoni hadi kitandani. Hayo ndiyo niliyokuandikia, na kwamba nimekusamehe, na kwamba Leyla achanjwe.

Wauguzi walifika shuleni jana, siku ya tatu ya msiba. Shangazi Shamso akasema, "Mtoto atokeje nyumba ina wageni?" Nikamvisha sare mwenyewe.

Alirudi ameushika mkono uliochanjwa, akapita katikati ya wanawake wote, akaingia chumbani kwako kukuonyesha. Nikamfuata. Alisimama kidogo mbele ya kitanda kitupu.

Kisha akanionyesha mimi.

Binti yako, Fosia