Simu Ilisema Kumi na Moja

Ijumaa, 28 Februari

Sukari ya Mama 7.1 asubuhi hii. Amekunywa uji wa ulezi bila sukari, amenung'unika kama kawaida, amejichoma sindano tumboni. Nimeangalia simu mara tatu kabla ya kuwasha moto. Imekuwa tabia. Wenzangu wanaamka wakisali, mimi naamka nikitafuta namba.

Kidude kimebandikwa nyuma ya mkono wake wa kushoto, ukubwa wa kifuniko cha soda. Kinapima sukari mchana na usiku na kuituma kwenye simu yangu. Nyangi, binti yake aliyeolewa Isebania, upande wa Kenya, ndiye anayevileta vidude hivi kupitia mpaka wa Sirari. Programu yenyewe ya kidude ilikataa simu yangu, eti ya zamani. Nyangi akanitumia nyingine kwa WhatsApp. Imetengenezwa na watu gani sijui, ila inafanya kazi. Kijiji kizima cha Matongo nadhani ni sisi tu tulio nacho. Najivunia, nisidanganye.

Mama anasema hakihitaji. Sukari ikishuka midomo inamwasha, halafu anakuwa mkali kwa kila mtu. Miaka kumi na mbili ya sindano amejua hivyo.

Jumapili, 2 Machi

Aibu. Simu imelia kanisani katikati ya mahubiri. 3.0. Nikamnywesha soda mbele ya watu huku akinisukuma mkono. Hakuwa na shida yoyote. Alikuwa ameegemea ukuta, kidude kimebanwa, ndiyo maana kikasoma chini. Jioni alikuwa 15 kwa ajili ya soda yangu.

Hajanisemesha tangu turudi. Nimempigia Nyangi. Ameniambia nikiwa na shaka nimpime Mama kidole kwa ile mashine ndogo, kisha niiandike namba ya kidole kwenye programu. Itajirekebisha ifuate kidole. Rahisi tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimembandika kidude kipya. Kikasoma 9.2. Sikukiamini, mambo ya kanisani bado yananichoma.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba anachuja asali iliyotoka Ringwani jana. Anaiuza kwa chupa na haiweki ulimini hata siku moja. Watu wanalijua hilo, ndiyo sababu wanapita kwa wauzaji wengine na kuja kwake. Nikamwita. Akaja anajifuta mikono kwenye kitenge, amekunja uso. Nikamtoboa kidole. 17.8.

Nikamwambia umelamba asali. Akarudi kwenye ndoo yake.

Nimeiandika 17.8 kwenye programu. Ikatii palepale. Karatasi tuliyopewa na nesi inasema ikizidi 14 niongeze yuniti nne za insulini. Nimeongeza. Jioni simu ikasema 15, nikaongeza nne tena. Sikurudia kidole. Vijiti vya kupimia vimebaki vitatu, na simu ipo.

Alhamisi, 6 Machi

Hospitali. Yu hai. Siwezi kuandika.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike, nisije nikaanza kujidanganya.

Jana asubuhi simu ilisema 14.6. Nikampa dozi yake na nne juu. Tukaenda kupalilia mahindi. Yapata saa nne Mama aliacha jembe, akasema midomo inamwasha, akataka sukari. Nikaangalia simu. 11. Nikasema hapana.

Akasema tena, kwa Kikurya safari hii. Nikamjibu: Mama, simu inasema kumi na moja. Akanitukana mimi na mama aliyenizaa. Nilijua ukali ule ni dalili, mwenyewe nimeuandika humu. Nikaamua ni hasira za kanisani.

Sukari ilikuwa kwenye fundo la khanga yangu. Huwa natembea nayo kila siku.

Alipoanguka meno yalikuwa yamebana. Nikampaka sukari kwenye ufizi kwa kidole, nyingi ikamwagika kifuani mwake. Jirani akaleta pikipiki. Tulimweka katikati yetu, mimi nyuma nimemkumbatia, kichwa chake kinagonga kidevu changu njia nzima.

Nesi akampima kidole. 1.4. Simu mfukoni mwangu ilisema 10.6.

Jumapili, 9 Machi

Amefumbua macho tangu juzi. Mkono wa kulia haushiki kitu. Mimi ananiita Nyangi. Jina la Bhoke, mwanangu, limempotea kabisa, na yeye ndiye aliyempa jina hilo.

Leo nesi ameniuliza tuliirekebishaje ile programu. Nikamweleza. Akauliza kama Mama alinawa mikono kabla ya kutobolewa, maana hata maji ya tunda yakikauka kidoleni yanaidanganya mashine.

Akilini nikaiona ile ndoo ya asali. Nikakiona kitenge. Nikasema ndiyo, alinawa.

Jibu limetoka haraka hivyo. Mama alikuwa amelala pembeni, uso ukutani.

Mchana Nyangi amefika kutoka Isebania. Amelia hadi wagonjwa wengine wakamwonea huruma. Anasema kosa ni lake, amemletea mamake programu ya watu asiowajua. Akakibandua kidude, akachukua simu yangu na kuifuta programu. Nilimwacha afute. Nilimwacha alie. Programu ilifanya nilichoiambia, wala haikukosea kitu.

Najichukia leo.

Jumatano, 12 Machi

Tumerudi nyumbani. Mama anatembea kwa kushika ukuta.

Mzee Chacha, shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa anatungoja uani na wazee wawili. Nikawaamkia shikamoo. Aliyeitikia ni mmoja. Chacha anasema nimemzidishia sindano makusudi ili niachiwe nyumba. Anataka nirudishwe kwetu.

Mimi nimeolewa na Mama. Nyumba ntobhu. Hakujaliwa mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe akanioa ili nyumba yake isife. Bhoke ni mtoto wa nyumba hii kwa mila. Nikirudishwa, narudi peke yangu. Bhoke anabaki, na anayekuja kuiangalia nyumba ni Chacha.

Wazee watakaa kikao Jumamosi. Nimemsuka Bhoke nywele leo ingawa hazikuwa zimefumuka.

Ijumaa, 14 Machi

Nikisema ni programu, Nyangi atabeba mzigo wangu maisha yake yote. Nikisema ni asali ya kidoleni, watauliza nani alitakiwa kumnawisha. Mimi. Nani alimnyima sukari? Mimi. Chacha hatahitaji kuongeza neno.

Nimeamua nitasema. Nimemfulia Bhoke nguo zote.

Jumamosi, 15 Machi

Wamekaa. Viti havikutosha, nikaazima kwa jirani viti vya kukalia wanaonihukumu. Chacha akasema yake, marefu. Kisha wakanigeukia.

Nilisimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri na sikupata hata moja.

Mama akasema kutoka kwenye kiti chake, polepole, mdomo umeenda upande: "Nililamba asali. Nyingi. Mwacheni mke wangu."

Wazee wakatazamana. Mmoja akacheka kidogo, akasema uzee ni utoto. Chacha akamuuliza mara mbili, akajibiwa vilevile mara mbili. Kwisha. Wakala ugali na kuku wangu, wakaondoka.

Sikumkanusha. Nilikaa chini na kumwacha aonekane mlafi mbele ya watu, yeye ambaye hajaigusa asali tangu nimjue. Nyangi ameambiwa kwa simu. Amepumua, kisha akamgombeza mamake.

Jumatatu, 17 Machi

Wateja wawili wa asali wamepita hapa bila kusimama. Wamekwenda kwa yule wa barabarani. Nyuma ya nyumba kuna chupa tisa, hazijaguswa.

Mvua tangu mchana.

Jumanne, 18 Machi

Nimechelewa kuamka. Hakuna namba ya kuangalia kwenye simu.

Nilipotoka na mashine ya kidole nimemkuta Mama kwenye kigoda. Amejivutia beseni mwenyewe. Ananawa kwa sabuni ya mche, mkono wa kushoto unauosha wa kulia, kidole kimoja kimoja, hadi chini ya kucha. Habari za kunawa sikumwambia mtu yeyote. Aliniuliza nesi peke yake, siku ile Mama amelala uso ukutani.

Nikasimama na mashine yangu. Alimaliza, akajifuta kwa taulo safi, si kitenge, akaninyooshea kidole.

8.3.

Nimemuuliza kama midomo inawasha. Akasema hapana. Nimemletea uji.